Mary Anderson: Aliyewafutia madereva theluji, asiambulie hata senti

MVUA za masika zinapoanza kumwagika Dar es Salaam au Nairobi, jambo la kwanza analolifanya dereva ni kuwasha waipa. Vijiti viwili vyenye mpira huanza kwenda na kurudi juu ya kioo cha mbele, maji hutawanyika, na safari huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ni wachache mno wanaojiuliza kifaa hicho kilitoka wapi, na nani alikifikiria kwanza. Wengi wetu tungedhani ni kazi ya fundi wa kiume aliyeshinda gereji, mwenye mikono iliyolowa grisi.

Ukweli ni tofauti. Miongoni mwa waliokuna vichwa juu ya tatizo hilo, anayetambuliwa kuwa wa kwanza kubuni waipa iliyofanya kazi sawasawa ni mwanamke wa Alabama, kusini mwa Marekani, ambaye hakuwa mhandisi wala hakutengeneza magari. Jina lake ni Mary Anderson. Alifariki dunia mwaka 1953 bila kupata hata senti moja kutokana na ubunifu huo, ambao leo umo katika karibu kila gari linalotembea barabarani.

Kisa cha maisha yake ni cha kufikirisha, hasa kwa wale wenye mawazo mazuri vichwani lakini hawajui wayapeleke wapi.

Mtoto wa shamba kubwa

Mary alizaliwa Februari 19, 1866, katika shamba kubwa lililoitwa Burton Hill, Kaunti ya Greene, jimboni Alabama. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia, na ilikuwa imepita miezi miwili tu tangu utumwa upigwe marufuku katika katiba ya nchi hiyo.

Mashamba ya aina hiyo yalikuwa yamejengwa kwa jasho la watumwa weusi. Kwa hiyo Mary alizaliwa katika familia ya Wazungu wenye mali, wakati ambapo mfumo uliowapatia watu wa tabaka hilo utajiri wao ulikuwa umevunjika na kila kitu kinaanza upya.

Baba yake, John Anderson, alifariki mwaka 1870, Mary akiwa na umri wa miaka minne. Akabaki na mama yake, Rebecca, na dada yake, Fannie. Wanawake hao watatu waliishi kwa mapato ya mali iliyoachwa na marehemu.

Huenda hapo ndipo Mary alipojifunza mapema kwamba mwanamke anaweza kusimama mwenyewe. Katika nyumba yao hapakuwa na mwanamume wa kuulizwa au wa kusubiriwa. Hesabu za fedha, mipango ya makazi na uamuzi wa wapi pa kuhamia vilikuwa mikononi mwao.

Mwaka 1889 familia hiyo ilihamia Birmingham, jiji lililokuwa changa na lenye harakati nyingi za viwanda vya chuma. Huko walijenga majengo ya kupangisha yaliyoitwa Fairmont katika barabara ya Highland Avenue. Kwa lugha ya leo, tungesema Mary aliingia katika biashara ya nyumba akiwa na umri wa miaka ishirini na ushei.

Hakutulia hapo. Mwaka 1893 alifunga safari hadi Fresno, California, upande wa pili wa nchi, ambako aliendesha ranchi ya ng'ombe na shamba la mizabibu kwa miaka kadhaa. Kwa mwanamke ambaye hakuwa na mume, katika karne ile, hilo halikuwa jambo dogo. Baadaye alirejea Birmingham kusaidia kumuuguza shangazi yake, na akaendelea kusimamia nyumba za Fairmont.

Safari ya New York

Katika majira ya baridi ya mwaka 1902 kuamkia 1903, Mary alikwenda kutembea katika jiji la New York. Siku moja alipanda tramu, yaani gari la abiria lililopita juu ya reli katikati ya mitaa.

Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa ikiganda juu ya kioo cha mbele, na dereva hakuweza kuona anakokwenda.

Wakati huo madereva walikuwa na njia chache za kujinusuru. Wapo waliosimamisha gari, wakashuka na kufuta kioo kwa mkono. Wapo waliotoa kichwa dirishani. Tramu nyingine zilikuwa na kioo cha mbele kilichogawanywa vipande, na dereva alifungua kipande kimoja ili aone njia.

Njia hiyo ya mwisho ilikuwa adhabu kwa wote. Upepo wa baridi kali ulimpiga dereva usoni pamoja na theluji, na abiria waliokaa nyuma yake nao walitetemeka. Zaidi ya hayo, safari ilichelewa na hatari ya kugonga mtu haikupungua.

Abiria wengine walilizoea jambo hilo kama sehemu ya maisha ya jiji. Mary, aliyekuwa mgeni kutoka nchi ya joto, aliona kitu ambacho wenyeji walikuwa wameacha kukiona. Kwa nini dereva afungue dirisha au ashuke, wakati kinachohitajika ni mkono wa kufuta kioo kwa nje unaoendeshwa na mtu aliyekaa ndani?

Wenzo, springi na kipande cha mpira

Aliporudi Alabama hakuliacha wazo hilo lipeperuke. Alimtafuta mchoraji wa vifaa akamsaidia kuliweka katika michoro, na kampuni moja ya hapo nyumbani ikatengeneza mfano uliofanya kazi.

Kifaa chenyewe kilikuwa rahisi. Ndani ya gari, karibu na dereva, kulikuwa na wenzo. Wenzo huo uliunganishwa na mhimili uliopenya hadi nje, na huko nje kulikuwa na mkono wenye ukingo wa mpira. Dereva alipouvuta wenzo, mkono ule ulipita juu ya kioo ukikokota theluji na maji. Springi iliubana mpira dhidi ya kioo ili usiache sehemu bila kufutwa.

Kulikuwa na jambo jingine linaloonyesha jinsi alivyofikiri. Kifaa kiliweza kuondolewa wakati wa hali nzuri ya hewa, ili kisiharibu sura ya gari. Alijua kwamba mwenye gari hataki kitu chochote kinacholichafua au kulichubua gari lake, hata kama kitu hicho kinamfaa.

Juni 18, 1903, Mary aliwasilisha maombi ya hataza kwa serikali ya Marekani. Siku mbili kabla ya hapo, Juni 16, Henry Ford na wenzake walikuwa wamesajili kampuni ya Ford. Watu hao hawakujuana, na hakuna aliyeweza kujua kwamba siku moja magari yatakayotoka katika viwanda kama vya Ford yatahitaji kile alichokibuni mwanamke wa Birmingham.

Novemba 10, 1903, Mary alipewa hataza namba 743,801. Ilikuwa ni haki ya kumiliki ubunifu wake kwa miaka 17.

Alikuja mapema mno

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Hataza ni karatasi tu mpaka apatikane mtu wa kuinunua au mwenye kiwanda wa kuitumia.

Mwaka 1905 Mary alijaribu kuuza haki hizo kupitia kampuni ya Dinning and Eckenstein ya Montreal, Kanada. Jibu lilikuwa la heshima lakini la kukatisha tamaa. Kampuni hiyo iliona kwamba kifaa hicho hakikuwa na thamani ya kibiashara ya kutosha kuwafanya waingie katika kazi ya kukiuza.

Kwa macho ya leo uamuzi huo unaonekana kama kichekesho. Lakini ni haki kukumbuka mazingira ya wakati ule. Magari binafsi yalikuwa machache na yalikuwa vitu vya anasa. Mengi hayakuwa na paa wala kioo cha mbele. Gari la Ford Model T, lililofungua milango ya kumiliki gari kwa watu wa kawaida, lilikuwa halijazaliwa, kwani lilianza kuuzwa mwaka 1908.

Inaelezwa pia kwamba wapo waliohofu kuwa mkono unaopita mbele ya macho ungemvuruga dereva na kusababisha ajali. Hofu ya kitu kipya haikosi sababu.

Baadhi ya jamaa zake wa vizazi vya baadaye wamewahi kueleza kwamba huenda jinsia yake nayo ilichangia. Mary hakuwa na baba wala mume wa kumsemea mbele ya wanaume wa biashara. Hakuna anayeweza kuthibitisha hilo moja kwa moja, lakini wakati anapewa hataza, wanawake wa Alabama hawakuwa hata na haki ya kupiga kura.

Baada ya kukataliwa, Mary hakuonekana tena kuhangaika na waipa. Aliiweka hataza yake na kurudi kwenye biashara yake ya nyumba. Wako watakaomlaumu kwa kukata tamaa mapema. Hata hivyo, yeye hakuwa na kiwanda, hakuwa na mtaji wa kukijenga, na soko lenyewe halikuwapo.

Novemba 1920, miaka 17 ilitimia na hataza ikamalizika. Ni mwaka huohuo, mwezi Agosti, wanawake wa Marekani walipohakikishiwa katika katiba haki ya kupiga kura. Mary alipata kura na kupoteza waipa ndani ya miezi mitatu.

Wengine wavuna

Wakati hataza inakwisha, mambo barabarani yalikuwa yamegeuka. Magari yalikuwa yakitoka viwandani kwa maelfu, yakiwa na vioo vya mbele, na yalikuwa yakienda kasi kuliko tramu aliyoipanda Mary. Waipa ikawa hitaji.

Mwaka 1917 mwanamke mwingine, Charlotte Bridgwood, alipata hataza ya waipa ya umeme iliyotumia magurudumu ya mpira badala ya ukingo mmoja. Naye hakufaidika nayo.

Kampuni ya Cadillac inatajwa kuwa ya kwanza kuzifanya waipa kuwa sehemu ya kawaida ya magari yake yote, mwaka 1922. Mwaka 1926 Bosch ya Ujerumani ikaingiza sokoni waipa yake ya umeme. Kwa miaka mingi magari mengine yalitumia waipa zilizoendeshwa na mvutano wa hewa wa injini, ambazo zilikuwa na kasoro ya kuzorota pale gari lilipopanda mlima.

Mary aliyaona yote hayo kwa macho yake. Aliishi hadi akaona mitaa ya Birmingham ikijaa magari yenye waipa, bila kiwanda chochote kuwa na wajibu wa kumlipa.

Kisa chake mara nyingi hulinganishwa na cha Robert Kearns, mhandisi aliyebuni waipa inayopumzika kati ya pigo na pigo na kupata hataza yake mwaka 1967. Kearns alizishitaki kampuni kubwa za magari zilizoutumia ubunifu wake, na katika miaka ya 1990 Ford na Chrysler zikamlipa mamilioni ya dola. Tofauti ni moja: hataza ya Kearns ilikuwa hai wakati viwanda vilipoanza kuitumia. Ya Mary ilikuwa imekufa. Sheria humlinda mbunifu kwa muda maalumu, lakini haiwezi kuliharakisha soko.

Maji ya baridi kali

Yako mambo mawili ambayo waipa ya Mary peke yake haikuweza kuyamaliza: barafu iliyokwisha kushika kioo, na tope la chumvi linalorushwa na magari ya mbele katika barabara zilizomwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji. Mpira mkavu ukipita juu ya tope hilo hupaka badala ya kufuta. Ndiyo maana magari ya sasa yana tangi dogo la maji ya kuoshea kioo.

Kwetu maji ya kawaida yanatosha. Lakini wapo ndugu zetu wengi wanaoendesha magari Minneapolis, Toronto na kwingineko, ambako maji hayo huganda ndani ya tangi na mabomba. Huko hutumika mchanganyiko wa maji, kemikali za jamii ya alkoholi na sabuni kidogo.

Chupa nyingi huandikwa kiwango cha baridi ambacho mchanganyiko utakihimili, kwa mfano nyuzi 29 chini ya sifuri. Ni busara kuchagua wenye kiwango cha chini kuliko baridi ya kwenu. Gari likiwa kwenye kasi, alkoholi huruka haraka kwa upepo na kinachobaki juu ya kioo huganda mapema kuliko chupa inavyoahidi. Vilevile maji ya kiangazi yaliyobaki ndani ya tangi hupunguza nguvu ya mchanganyiko mpya, kwa hiyo yamalizwe kwanza.

Kuhusu rangi ya gari, hofu ya wengi ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Alkoholi kwa kiasi kinachotumika katika michanganyiko hii huruka kabla ya kuidhuru rangi ya kiwandani iliyokauka vizuri. Kinachoumia zaidi ni nta inayopakwa juu ya rangi, pamoja na rangi mpya ya gereji ambayo haijakomaa.

Cha kuepuka ni sabuni kali, bidhaa zenye amonia za kusafishia vioo vya nyumbani, na mchanganyiko mzito usiozimuliwa. Chagua chupa iliyoandikwa waziwazi kwamba ni salama kwa rangi, mpira na plastiki za taa, kwani plastiki ya taa za kisasa inaweza kupata nyufa kwa kemikali isiyofaa. Ukiumwagia bodi wakati wa kujaza, mwagia maji mara moja.

Dawa ya kupozea injini isitiwe kamwe katika tangi hilo. Huacha mafuta juu ya kioo, na aina nyingi zake ni sumu. Wala usimwage maji ya moto juu ya kioo chenye barafu, maana kinaweza kupasuka.

Tahadhari nyingine ni ya uhai. Methanoli, alkoholi inayotumika sana katika michanganyiko ya Marekani, inaweza kupofusha au kuua ikinywewa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.6 ya methanoli katika bidhaa hizi zinazouzwa kwa wananchi kuanzia Mei 2019, na huko nyingi hutumia ethanoli. Popote ulipo, chupa ikae mbali na watoto, na kamwe yaliyomo yasihamishiwe katika chupa ya soda.

Heshima iliyochelewa

Mary Anderson hakuolewa na hakupata mtoto. Aliendelea kusimamia nyumba za Fairmont hadi uzeeni. Alifariki Juni 27, 1953, katika nyumba yake ya mapumziko huko Monteagle, jimbo la Tennessee, akiwa na umri wa miaka 87. Ibada ya mazishi ilifanyika katika Kanisa la Presbiteri la South Highland, Birmingham, na akazikwa katika makaburi ya Elmwood jijini humo.

Mwaka 2011, miaka 58 baada ya kifo chake, jina lake liliingizwa katika jumba la kitaifa la heshima la wabunifu wa Marekani. Leo linatajwa vitabuni na katika shule, tena na watu ambao wasingeliwahi kulisikia wakati wa uhai wake.

Mtu anaweza kusema heshima hiyo haimsaidii marehemu. Ni kweli, cha kaburini hakirudi. Lakini inawasaidia walio hai, hasa vijana wa kike, kujua kwamba ubunifu haukusubiri shahada wala karakana kubwa. Ulianza kwa abiria mmoja aliyekaa katika tramu ya baridi, akaona dereva anavyoteseka, na hakukubali kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyopaswa kuwa.

Kinachobaki ni swali kwa wenye fedha na wenye viwanda. Katika jamii zetu pia wapo akina Mary wanaobisha hodi wakiwa na michoro mkononi, wakajibiwa kwamba kitu chao hakina soko. Yawezekana ni kweli kwa siku hiyo. Lakini hataza ina miaka yake, na mbunifu naye ana umri wake. Anayechelewa kuwafungulia mlango asishangae jirani akija kuvuna shamba ambalo yeye alilikataa.